Dokta, nililia mimba nzima: huzuni yangu imeingia kwenye jeni za mwanangu?

Swali nimelifupisha kidogo, mwenyewe karidhia:

"Dokta shikamoo. Mi nina miaka 27, niko Tanga. Mimba ikiwa na miezi mitano mama yangu alifariki, na kipindi hichohicho mume wangu akapunguzwa kazini, akawa mtu wa kukaa gizani tu, haongei, halali, chakula hagusi. Mimi nililia mpaka najifungua. Mtoto sasa ana miezi mitatu, alizaliwa na kilo 2.6, jioni analia sana. Juzi nimeona klipu mtu anasema stresi ya mama inaandikwa kwenye jeni za mtoto na haifutiki, hadi wajukuu wanarithi. Toka siku hiyo silali. Ni kweli nimemharibu mwanangu? Kuna kipimo? Na baba yake anahusika au ni mimi tu? Alafu wifi ananiambia nikishalia nisimnyonyeshe kwanza, eti maziwa yanakuwa na majonzi."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kufiwa na mama, tena katikati ya mimba, wakati ambao mtu ndo anamtaka mama yake kuliko wakati wowote. Najua unasoma hii usiku na mtoto begani kwa iyo jibu natanguliza kabla ya maelezo: hapana, hujamharibu mwanao. Kwenye ile klipu kuna chembe ya ukweli na chembe hiyo ntakueleza yote bila kukuficha kitu, ila huyo aliyesema "haifutiki" na "wajukuu wanarithi" kaongeza chumvi yake mwenyewe, na chumvi hiyo ndo imekunyima usingizi toka siku ile.

Tuanze na neno lenyewe, epijenetiki, yaani elimu ya namna jeni zinavyosomwa. Kama ulipita chuoni, yaani madrasa, utanielewa haraka tu. Chukua herufi ba. Ukiitia fatha unasoma ba, ukiitia kasra unasoma bi, ukiitia dhuma unasoma bu, ukiitia sukuni inatulia, haina irabu yake tena. Herufi ni ileile haijaguswa, kilichobadilika ni vialama vya juu na chini. DNA, ule uzi wa maelekezo ya mwili ulio ndani ya seli, ambao vipande vyake ndo jeni, nayo iko hivohivo. Herufi zake unazipata siku mbegu ya baba inakutana na yai la mama, na unaishi nazo maisha yako yote, ila juu yake kuna vialama vinavyoiambia seli hapa soma kwa sauti, hapa pita kimya. Ndo maana seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile lakini kazi zao haziingiliani, kila moja inasoma kurasa zake. Kialama kinachochunguzwa sana kwa watoto wachanga kinaitwa methaili, ni kikundi kidogo sana cha kaboni moja na haidrojeni tatu, kinagandia kwenye herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatwa na G, na mara nyingi kikijazana mwanzoni mwa jeni basi jeni hiyo inasomwa kwa sauti ya chini au inanyamaza kabisa. Huko kugandia ndo kunaitwa methailesheni. Alafu kuna suala la kukunja: DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita mbili, na yote hiyo imeviringishwa kwenye protini ndani ya kiini ambacho kwa macho hukioni, kama kanga za bibi kwenye sanduku, za juu zinavaliwa kila siku na za chini kabisa mpaka kuwe na harusi. Vialama hivyo vinasaidia kuamua ipi ikae juu na ipi izame chini.

Sasa huzuni ya mama inafikaje huko. Ukishtuka au ukiwa na hofu, ubongo unatuma ujumbe kwenye tezi ya pituitari, hiyo inaamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, zinamwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli ikishapanda inarudi kwenye ubongo kuuambia basi inatosha, tulia. Ili ubongo usikie hilo "inatosha" lazima uwe na vipokeo, na vipokeo hivyo vinatengenezwa na jeni inayoitwa NR3C1. Likumbuke hilo jina maana utafiti mwingi unalizunguka. Jeni hiyo ikisomwa kwa sauti ya chini, vipokeo vinakuwa vichache, na mtu akishashtuka anachelewa kutulia.

Kwa mjamzito kuna ukuta katikati, yaani kondo la nyuma. Kondo lina kimeng'enya chake, 11β-HSD2, kazi yake kugeuza kotisoli ya mama kuwa kotisoni ambayo haina nguvu, ili mtoto asipokee yote. Mungu kaweka ulinzi hapo. Lakini mwaka 2012 watafiti wa London walionyesha kwamba kwa mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa wakati wa mimba, jeni ya kimeng'enya hicho ilikuwa inafanya kazi kidogo zaidi kwenye kondo. Ukuta ulikuwepo, ila mwembamba zaidi. Hiyo ni njia moja inayoweza kueleza, na zipo nyingine ambazo hazina hata haja ya kotisoli: mama mwenye sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, hali chakula vizuri, halali, kliniki anakwenda kwa kusuasua, presha inapanda, wengine wanaanza sigara au pombe, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kugusa vialama vya mtoto peke yake. Kwa iyo ukisikia mtu anasema "stresi imefanya" muulize stresi yenyewe au njaa iliyokuja nayo.

Chimbuko la habari yote hii ni panya. Mwaka 2004 kundi la Michael Meaney, Moshe Szyf na Ian Weaver pale Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Canada, walitoa utafiti wa panya mama ambao wengine wanawalambalamba sana watoto wao wiki ya kwanza na wengine wanawalamba kidogo. Watoto wa mama wasiolamba sana walikuwa na methailesheni nyingi kwenye jeni ya kile kipokeo cha kotisoli ndani ya ubongo, na walipokua walikuwa waoga, wakishtuka wanachelewa kutulia. Watu wengi husimulia mpaka hapo wakaishia, na kinachobaki ndo kizuri zaidi: watoto wa mama asiyelamba walipochukuliwa wakapewa mama anayelamba, vialama vilifuata malezi ya mama mlezi, havikufuata damu. Na panya walioshakua wakubwa kabisa walipotiwa dawa fulani kwenye ubongo, alama zile zikageuka. Yaani utafiti uleule ambao watu wanautumia kukutisha ndo ulioonyesha kwamba alama zinahamishika.

Kwa binadamu, mwaka 2008 Tim Oberlander na wenzake wa Vancouver, Canada, walichukua damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa na mama waliokuwa na sonona miezi mitatu ya mwisho ya mimba, wakakuta methailesheni ya NR3C1 iko juu kidogo, na watoto hao wakiwa na miezi mitatu, umri wa wako sasa hivi, kotisoli kwenye mate yao ilipanda zaidi walipokabiliwa na kitu kigeni. Na matokeo hayo yalibaki hata baada ya kuhesabu kama mama alikuwa anatumia dawa za sonona au la.

Alafu kuna utafiti ambao mimi unanigusa kuliko yote kwa sababu ulifanyika Goma, kwa majirani zetu wanaoongea Kiswahili hiki hiki. Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake waliwafuata kina mama 25 waliojifungulia pale, mashariki ya Kongo, na hao hawakuwa watu wa stresi ya kukosa intaneti ya simu, ni kina mama waliopita vita, kukimbia makazi, kubakwa, kupoteza watu. Walihojiwa kwa utaratibu unaoendana na maisha ya kule, ikachukuliwa damu ya mama na ya kitovu. Matokeo yalitoka 2012: kadri mama alivyopitia mazito zaidi ndivyo methailesheni ya NR3C1 ya mtoto ilivyokuwa juu, na uzito wa mtoto ulivyokuwa chini. Miaka minne baadae wakatoa jingine kwa kina mama wa hukohuko, safari hii wakaangalia na kondo, wakaongeza jeni nyingine tatu zinazohusika na kotisoli, na nazo zilionyesha uhusiano na masaibu ya mama. Rwanda nako kuna kazi iliyotoka 2014, wanawake 25 wa Kitutsi waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 wakilinganishwa na 25 waliokuwa wajawazito kipindi kilekile lakini hawakuwepo kwenye mauaji, pamoja na watoto wao ambao wakati huo walishakuwa vijana wakubwa. Walioshuhudia mauaji na watoto wao walikuwa na methailesheni zaidi kwenye jeni ileile, na kotisoli yao ilikuwa chini.

Umeona hapo, Vancouver kotisoli ya watoto ilipanda zaidi, Rwanda kotisoli iko chini. Umri tofauti, mateso tofauti, namna ya kupima tofauti. Jambo hili halijanyooka kama klipu ya sekunde 60 inavyolinyoosha.

Na sasa nakuletea upande ambao wenye klipu hawausemi. Tafiti nilizokutajia zote ni ndogo, watu 25, watu 50, na zinaangalia jeni moja au chache zilizochaguliwa kabla. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mkubwa uliounganisha watoto zaidi ya 1,700 kutoka Rotterdam, Uholanzi, na eneo la Bristol, Uingereza, ambao haukuchagua jeni, ulipitia mamia ya maelfu ya sehemu za DNA kwenye damu ya kitovu kutafuta alama ya stresi ya mama. Haikupatikana hata sehemu moja iliyovuka kiwango cha kuaminika. Linganisha na sigara. Mwaka huohuo wa 2016 muungano wa watafiti ulichukua watoto 6,685 na kutafuta alama za mama aliyevuta sigara akiwa mjamzito, wakakuta sehemu zaidi ya 6,000. Zaidi ya elfu sita, mdogo wangu, dhidi ya sifuri. Sisemi kwamba huzuni haifanyi kitu, maana kina mama wa Ulaya wenye stresi za kawaida si sawa na kina mama wa Goma na huenda ndo maana Goma ilionekana na Rotterdam haikuonekana. Ila nasema kama huzuni ya kawaida ya msiba na ya maisha kukaza ingekuwa inachonga alama kubwa kwa kila mtoto tungeshaiona mapema sana.

Kuna na mambo mengine mawili. Kwanza, wanachopima ni damu ya kitovu, si ubongo, na hata damu yenyewe ni mchanganyiko wa seli za aina nyingi, zikizidi aina moja na kupungua nyingine kipimo kinabadilika wakati hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Tofauti zinazoripotiwa nazo mara nyingi ni asilimia moja, mbili au tatu. Pili, mtoto na mama wanachangia jeni. Utafiti wa Singapore wa 2014 uliangalia watoto wachanga 237 kwenye zile sehemu ambazo alama zinatofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, ukakuta robo ya sehemu hizo zinaelezwa vizuri zaidi na herufi za DNA walizorithi peke yake, na robo tatu ni herufi pamoja na mazingira ya tumboni, hakukuwa na sehemu ambayo mazingira peke yake ndo yalikuwa maelezo bora. Kwa iyo hata alama ikionekana huwezi kumnyooshea mama kidole ukasema hii ni ya kilio chake.

Na ngoja nikupe moja la kukuliwaza. Januari 1998 huko Quebec, Canada, barafu iliangusha nguzo za umeme, watu wakakaa gizani kwenye baridi kali, wengine kwa wiki nyingi. Suzanne King na wenzake wakawafuatilia waliokuwa wajawazito. Watoto walipofika miaka 13 walipimwa, na alama zilizopatikana kwenye seli zao za kinga zilifuatana na ugumu wenyewe, kama vile siku ngapi mama alikaa bila umeme, hazikufuatana na jinsi mama alivyosema aliumia moyoni. Tena nao ni utafiti mdogo, lakini unaonyesha kwamba machozi yenyewe huenda siyo shida kubwa kama tunavyodhani.

Hapa naomba nitoke nje kidogo ya swali lako, maana jambo hili linaniumiza. Sisi huku kwetu tunalijua neno kubemenda. Mtoto akidhoofu, akichelewa kutembea, akiharisha, watu wanaanza kunong'ona wazazi wamembemenda, wameingiliana mapema au mmoja katoka nje, na mama anabeba aibu ile kimya kimya wakati mtoto ana utapiamlo au minyoo au ugonjwa wa moyo unaotibika. Nimekaa wodi ya watoto, nimeona mama amechelewa kuleta mtoto hospitali kwa kuogopa ataulizwa kafanya nini. Sasa naiona epijenetiki inavyosambazwa kwenye simu na naogopa isije ikawa kubemenda kwa lugha ya maabara. Mama wa Goma aliyebakwa na kukimbia mabomu akiwa na mimba, umwambie jeni za mtoto zimeharibika kwa sababu alihuzunika? Kama vita inaandika kitu kwa mtoto basi anayepaswa kuulizwa ni mwenye bunduki. Na ile kauli tunayopenda kumwambia mjamzito, "usiwaze waze", mi nimeshaichukia, maana hakuna mtu aliyeacha kuwaza kwa kuambiwa asiwaze, anaongeza tu wazo la pili kwamba anamuumiza mtoto kwa kuwaza.

Haya, baba. Umeuliza vizuri, watu wengi hawaulizi. Mbegu ya mwanaume inachukua kama siku 74 kutengenezwa, na inabeba DNA pamoja na vipande vidogo vya RNA, ndugu wa DNA anayesaidia kuamua jeni ipi isomwe. Tracy Bale na kundi lake kule Marekani waliwapa stresi panya dume kabla ya kupanda jike, watoto wao wakazaliwa na mwitikio wa stresi uliofifia, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba ukichukua aina tisa za RNA hizo ndogo ukaziingiza kwenye yai lililorutubishwa, unapata matokeo yaleyale bila baba kuwa na stresi yoyote. Kwa panya imeonekana hivo. Kwa binadamu bado ni mapema sana kumwambia baba yeyote kwamba mbegu yake ilibeba huzuni. Na kwako haihusiki hata kidogo, mume wako alipunguzwa kazini mimba ina miezi mitano, mbegu ilishamaliza kazi yake siku nyingi.

Ila baba anahusika kwa njia nyingine na hiyo ina ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2005 Paul Ramchandani na wenzake walichapisha kazi ya maelfu ya familia za eneo la Bristol, wakaonyesha kwamba baba akiwa na sonona wiki nane baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto akifika miaka mitatu na nusu anakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa matatizo ya tabia na hisia, hasa mtoto wa kiume, hata ukiondoa sonona ya mama kwenye hesabu. Baba asiyeongea hamchezei mtoto, hambebi, hamsaidii mama kulala. Mume wako anayekaa gizani, halali, hali, kwa maelezo yako huyo siyo mvivu wala hajakususa, hizo ni dalili za sonona na anahitaji kuonwa kama unavyohitaji wewe. Wanaume wetu kazi ikiondoka wanaona na uanaume umeondoka, na hamna anayewauliza, kliniki ya mama na mtoto kila mtu anamuuliza mama.

Sasa "haifutiki". Nisikudanganye, zipo alama zinazokaa muda mrefu. Waholanzi waliokuwa tumboni mwanzoni mwa ile njaa kali ya 1944 na 1945 walipimwa miaka 60 baadae, wakakutwa na methailesheni pungufu kidogo kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, kuliko ndugu zao wa tumbo moja. Lakini ile ilikuwa njaa hasa, watu walishuka hadi chakula cha siku kisichotosha mtoto. Na kukaa muda mrefu si kwamba haigeuki. Utafiti wa Wirral, karibu na Liverpool, uliotoka 2015, uliangalia watoto ambao mama zao walikuwa sawa wakati wa mimba alafu wakapata sonona baada ya kujifungua. Methailesheni ya NR3C1 ilikuwa juu kwa watoto hao, isipokuwa kwa wale ambao mama zao walisema huwa wanawapapasa sana wiki za mwanzo, mgongoni, kichwani, miguuni. Kwao hilo ongezeko halikuonekana. Mama hawa walikuwa na sonona bado, hawakuwa wamepona, hawakuwa wanacheka. Walikuwa wanapapasa tu. Hukumbuki ya panya mama anayelamba? Nami nikisoma hiyo nilimkumbuka bibi yangu na mafuta yake ya nazi, mtoto kalazwa miguuni kwake baada ya kuogeshwa, anakandwa taratibu huku anaimbiwa, bila kujua jeni ni nini.

Kuhusu wajukuu, iko hivi. Mtoto anapotungwa, alama nyingi za mbegu na yai zinafutwa zikaandikwa upya, na baadae zile seli ambazo zitakuja kuwa mayai au mbegu za mtoto huyo zinafutwa tena mara ya pili. Zipo chache zinazoponyoka, ila kwa binadamu hakuna ushahidi thabiti kwamba huzuni ya bibi inasafiri kwa njia ya alama hizi hadi kwa mjukuu. Hata hao vijana wa Rwanda walikuwa wenyewe tumboni wakati ule, na wamelelewa na mama waliojeruhiwa moyo, kwa iyo huwezi kuita ni kurithi jeni zilizoandikwa.

Kipimo: hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuangalia vialama vya mwanao kikakwambia atakuwaje. Ukikuta mtu anauza mtandaoni usimpe hela yako, inunulie samaki. Kinachopimika kwa mtoto wa miezi mitatu ni vitu vya kawaida kabisa, uzito unapanda kwenye kadi, anakutazama usoni, anatabasamu ukimsemesha, anageuka akisikia sauti. Kilo 2.6 siyo uzito pungufu, mpaka wa uzito pungufu ni chini ya kilo 2.5. Na kulia jioni kwa watoto huwa kunafika kilele kama wiki ya sita hivi alafu kunapungua miezi ya tatu na nne, hata kwa watoto ambao mama zao walicheka mimba nzima. Ila kama ana homa, anatapika kijani, hanyonyi au kilio kimebadilika ghafla, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Maziwa: mnyonyeshe. Mnyonyeshe ukiwa umelia, mnyonyeshe ukiwa unalia. Wifi yako nadhani anataka upumzike kwanza na nia yake nzuri, lakini majonzi hayaingii kwenye maziwa yakawa sumu. Na kunyonyesha siyo sababu ya kukosa matibabu, zipo dawa za sonona zinazotumika kwa anayenyonyesha, sertraline inachaguliwa mara nyingi kwa sababu kinachofika kwenye maziwa ni kidogo sana, ila hiyo anakuandikia daktari baada ya kukuona, usinunue duka la dawa kwa kusikia kwangu. Na kama kuna anayesoma hapa ana mimba na tayari anatumia dawa, usiziache ghafla kwa kuogopa hii habari ya jeni, ongea na daktari wako.

Kwa sababu kinachoniumiza kichwa kwenye barua yako siyo jeni za mtoto, ni wewe. Silali, nalia, nimemharibu mwanangu. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano anapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, wengi wao sonona, kwa iyo kwenye benchi la kliniki ukikaa na wenzako wanne kuna mwenzio hapo. Na inatibika, tena siyo lazima kwa dawa. Pakistan vijijini, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake waliosoma sekondari tu, namna ya kumtembelea mama nyumbani na kuzungumza naye kwa mpangilio, kumsaidia kutambua mawazo yanayomzamisha na kuyajibu, na kuishirikisha familia. Matokeo yalitoka 2008: miezi sita baada ya kujifungua waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Kwenye habari hii ya huzuni ya mama, hakuna maabara ya jeni iliyokuja na kitu kinachomsaidia mama kukaribia hicho.

Kwa iyo nakuomba hivi. Siku ya kumpima mtoto uzito usiende peke yako, nenda na mumeo, hata kama atakaa nje kwenye mti. Nesi mara nyingi atapima, atachoma chanjo, atakupa tarehe na kuita mwingine, anayo foleni ndefu, usisubiri akuulize. Mwambie hivi hivi ulivyoniandikia: sister, toka nimefiwa na mama sipo sawa, hata mtoto akilala mi silali, na mume wangu pia. Kuna karatasi ya maswali 10, inaitwa ya Edinburgh (EPDS), inayotumika dunia nzima tangu 1987 kwa mama aliyejifungua, muombe akuulize hayo, na usikwepe lile la mwisho linalouliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Ukiwa na mawazo hayo sasa hivi, au unaona vitu na kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, au inakujia kumdhuru mtoto, usingoje kliniki, amsha mtu hapo nyumbani usiku huu mwende hospitali ya mkoa, hiyo ni dharura kama ya kutoka damu. Kama haijafika huko, basi kesho jioni akianza kulia mpe baba yake amweke kifuani bila shati, ampapase mgongo, hata kama hana neno la kusema. Wewe ingia chumbani ulale kwa muda wa saa mbili, mlango umefungwa, simu ibaki nje.